Mjomba wa mchumba wangu aligoma kuingia chuo kikuu Birmingham kwa kukosa wa kumkaribisha

Wakuu, habari za humu. Nimeona vijana mnabishana kuhusu kuposa mkiwa ughaibuni, nikaona na mimi mzee wenu niweke yangu. Yalinikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Anayebisha abishe.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa Birmingham, Uingereza. Mimi ni Mtaita, wa kule Kenya. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma Saltley, nimepanga chumba kimoja Sparkbrook, juu ya duka la vitambaa. Ukuta unatoa maji, na ile paraffin heater ya kupasha chumba joto inanuka mpaka kwenye mashati.

Nilitaka kumuoa Wakesho, binti wa kwetu aliyekuwa akisomea unesi hukohuko. Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mjomba wake, Mzee Mwakio. Bahati mzee akaja Birmingham na msafara wa kanisa, nikapewa asubuhi moja ya kumtembeza. Akinikataa, imekwisha.

Nikajiambia, chumbani simpeleki ng'o. Nitampeleka kule wageni wote wanakopelekwa: chuo kikuu cha zamani pale Edgbaston, matofali mekundu, mnara wa saa unaonekana kutoka mbali. Tupige picha, afurahi, nimrudishe, niwahi shift ya mchana. Foreman wangu hakuwa mtu wa utani.

(Wakati ule hata sisi tusiosoma pale tulikuwa tunajisifia ule mnara. Sijui kwa nini.)

Tukashuka kwenye basi. Geti liko wazi, wanafunzi wanapita na mambo yao. Mzee akasimama, akavua kofia.

"Hodi!"

Nikadhani anatania. Akarudia, kwa sauti zaidi. Wanafunzi wakageuka, wakaendelea na safari.

"Mjomba, hapa watu huingia tu."

"Kwenye boma la watu? Wenyewe hawajaitika?"

Wakuu, nilichemka. Mshale wa ile saa unasogea, manyunyu yameanza, mzee hatikisiki. Nikabembeleza. Mwishowe nikatangulia ndani, nikamwita, "Haya, karibu basi!"

"Kwani wewe ni wa hapa?"

Nikarudi nje.

Ndipo akatokea mlinzi, Singasinga wa makamo, kilemba safi, koti la kazi. Kumbe alisikia hodi tangu mwanzo, hakuamini masikio yake.

"Mzee, jambo! Mbona mnanyeshewa? Karibuni ndani, hapa ni kwetu."

Mzaliwa wa Kisumu! Alikuwa na miaka michache tu Birmingham. Mzee akaingia ameshikwa mkono, wanaulizana habari za samaki na joto la ziwani, mimi nyuma nahesabu mabasi kichwani. Mlinzi akatuonyesha mnara kwa furaha, kisha akarudi getini.

Nikatoa kamera. Mzee akainua mkono.

"Weka hiyo. Huyu baba kaja juzi tu, anasema hapa ni kwetu. Wewe tangu asubuhi ni basi lao, mji wao, saa yao. Sasa binti yetu utamweka kwa nani?"

Niliona aibu, na hasira pia. Nikaropoka, "Nina chumba Sparkbrook. Kidogo, na kibovu."

"Kumbe unacho. Tunafanya nini huku?"

Shift nikaisahau. Tukapanda basi, tukapanda ngazi. Nikafungua mlango, mzee akabaki nje palepale, kofia mkononi.

"Hodi."

Nikaingia, nikatazama ule ukuta, kitanda, sufuria juu ya kiti.

"Karibu, mjomba. Karibu kwetu."

Akaingia, akakaa kitandani, akaomba chai. Akanywa mpaka kikombe kikaisha. Akakitazama chumba kona hadi kona.

"Wakesho atalala upande gani? Huu wa ukutani una baridi."

Wakuu, nilitoka nje kwenye ngazi, nikalia kama mtoto.

Nilichojifunza ni kwamba mgeni wa maana hakuja kuona majengo, amekuja kuona unapoishi. Nyie mlioko nje, mgeni wa nyumbani akifika mnampeleka wapi kwanza? Semeni ukweli, msinipe habari za mall.