Orpa Afunga Mteremko

Orpa hakuwa mtu wa kutaka maneno mengi Jumamosi asubuhi. Wiki nzima alisuka nywele katika saluni yake ndogo huko Shituru, redio ikipiga kelele na wateja wakiishinda. Kwa hiyo siku ile moja alipanda kinga yake, maana ndivyo Likasi wanavyoita baiskeli, akaenda vilimani nyuma ya mji. Huko aliteremka kwa njia nyembamba iliyochongwa na miguu ya wauza makala, yaani mkaa. Hao alipatana nao. Wakisikia kengele walisogea. Naye akiwaona wanasukuma magunia, alisimama.

Halafu mtu akampiga video, ikazunguka kwenye simu za mji mzima. Mwezi haujaisha, mlima ukawa soko. Walikuja vijana na kinga za kuazima zinazolia kama mbuzi. Wachumba walishuka katikati ya kona ili wapigane picha, wakakasirika ukiwaomba wapishe. Na juu ya wote akaja Pasteur Cyrille.

Cyrille alikuwa na kanisa la maombi, miwani inayong'aa rangi zote, na suruali ya kubana ambayo waumini wake walijitahidi kutoitazama. Kinga alikuwa amejifunza juzi juzi, uani kwake, na tayari alikuwa anafundisha wengine. Mkewe Deborah alikuja nyuma kabisa, polepole, vidole vyote kwenye breki.

"Papa Pasteur," Orpa alimwambia, "hapa muntu anashuka pole. Na weye unashika frein ya mbele tu. Itakurusha."

"Ma Orpa, minye niko na imani."

"Imani iko muzuri. Lakini frein njo inasimamisha kinga."

Pasteur alicheka kwa huruma, kama anavyocheka na wapagani.

Asubuhi hiyo hiyo Orpa alikuwa amesimama mahali pembamba, akimpisha muuza makala. Akasikia sauti kutoka juu: "Kwa jina la Yesu, mutoke!" Hakukuwa na pa kutokea. Kushoto miiba, kulia korongo. Pasteur alimgonga Orpa ubavuni, akaruka juu ya usukani, akaangukia magunia ya makala. Orpa alivunjika mfupa wa bega. Pasteur aliinuka mzima, uso mweusi tii, akatangaza kwamba Shetani amemsukuma. Shetani hakuwepo kujitetea.

Siku chache baadaye akafika saluni na mashemasi wake. Orpa, mkono umefungwa kifuani, alidhani wamekuja kuomba msamaha.

"Ma Orpa," Pasteur alisema, "nimekusamehe juu ya vile ulisimama mu njia."

Orpa alicheka mpaka bega likamtoa machozi. Walipoondoka hakuwa anacheka tena.

Jumamosi iliyofuata alipanda mlima kwa miguu, akasimama pale mteremko unapoanzia. "Leo kila muntu atanionyesha vile anasimamisha kinga yake. Mwenye kushindwa, arudi kwa miguu."

"Njia iko yako?" kijana mmoja akauliza.

"Hapana. Bega njo yangu."

Kijana akatazama kitambaa kilichobeba mkono wa Orpa, akasogeza kinga yake mbele. Wakaanza kujaribu mmoja mmoja. Wengi walirudi mjini wakikokota kinga zao kama mbuzi wa harusi iliyovunjika. Wauza makala walikaa juu ya magunia yao kutazama. Burudani ya namna hiyo hawakuwahi kuipata bure. Deborah alisimama vizuri, gurudumu halikuteleza hata kidogo. Wakampigia makofi.

Ikafika zamu ya mumewe. Pasteur hakutaka kupimwa na msuka nywele, lakini macho yalikuwa mengi. Akapiga pedali, akashika breki ya mbele kwa nguvu zake zote, akapaa tena. Safari hii hakukuwa na magunia. Suruali ikapasuka mshono wa nyuma, na waumini wakaacha kujitahidi.

Jumapili alihubiri juu ya kinga. Kitu cha magurudumu mawili, alisema, ni kama mtu wa ndimi mbili, na mlima ule una roho mbaya. Alipiga marufuku kinga kwa waumini wake wote. Nusu ya umati ikatoweka ndani ya wiki moja; wachumba nao wakahamia ufukweni mwa ziwa Tshangalele kuwasumbua wavuvi. Orpa alikiri kwamba hayo yalikuwa mahubiri bora kuliko yote aliyopata kuyasikia, ingawa hakuwepo kuyasikia.

Bega lilipona, ila halikunyooka vizuri. Aliporudi mlimani alikuta wachache waliojifunza, wanaopishana bila matusi. Na alimkuta Deborah, amekaa juu ya jiwe, anamsubiri.

"Mama Pasteur! Umemwambia bwana nini?"

"Nilimwambia ninaenda kuomba ku mulima."

"Umemudanganya muntu wa Mungu?"

"Hapana," Deborah akasema, akifunga kofia yake ngumu. "Ile kona ya chini, kila mara minaomba."

Orpa akamwambia atangulie.