Futari ya Ghorofa ya Tatu

Kila nikipita penye zege bichi, pua yangu husubiri harufu ya pili: uji wa pilipili manga. Wenzangu hunicheka nikiwaambia kwamba harufu hizo ni ndugu. Kwangu ni ndugu, na aliyezilea ni mama yangu, pale Lindi mjini, chini ya ghorofa lililokuwa likijengwa karibu na bandari.

Mama aliwapikia mafundi. Siku za kawaida ulikuwa wali wa mchana na dagaa wa nazi. Ramadhani ikiingia, sufuria zilihamia jioni. Mwaka mmoja alikuja msimamizi mpya, kijana wa shati lililopigwa pasi, akazungushia eneo mabati na kusema hataki kuona moshi wala mama lishe pale. Mama lishe wenzake wakahama. Yeye akasogeza mafiga yake nje ya mabati, akaendelea kukuna nazi.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa ya tatu, mashine iliharibika mchana, kazi ikasogea hadi magharibi. Mafundi wakaomba kushuka wafuturu. Msimamizi akafunga geti.

"Zege halilali," aliwajibu.

"Hata zege hunyweshewa maji, bosi!" sauti ikatoka juu. "Sembuse sisi!"

Vicheko vikamwagika kama kokoto. Kisha kamba ya kupandishia ndoo ikashuka nje ya mabati, ikatua mbele ya mama. Hakuuliza kitu. Alifunga ndoo ya uji, ikapanda ikiyumba. Akafunga na beseni la mihogo ya nazi. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kanga yake.

Msimamizi akatoka mbio.

"Mama, naita mgambo! Leo ndiyo mwisho wako hapa!"

Adhana ikaanza. Mama akachota bakuli la uji, akaweka na tende, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Bismillah, baba. Futuru kwanza, halafu unifukuze."

Msimamizi naye alikuwa amefunga. Midomo ilikuwa imemkauka. Juu, mafundi walikuwa wakimtazama. Akapokea. Akachuchumaa palepale vumbini, na shati lake la pasi.

Kesho yake mafiga yalikuwa yanawaka, na hakuna mgambo aliyekuja.

Nilimwambia mama kwamba ana huruma sana. Alicheka mpaka akajifuta machozi, asinieleze. Nikakua nikiwasimulia watu upole wake. Ilibidi nami nifukuzwe kwingine na watu wa mashati kama lile ndipo nielewe. Kwetu, mtu aliyefuturu mkononi mwako mbele ya watu, kisha akakutimua, aibu yake humtangulia msikitini. Mama alilijua hilo kabla hajachota uji. Wala hakumwomba nafasi. Alimkaribisha, kama mwenyeji anavyomkaribisha mgeni. Na mgeni hamfukuzi mwenyeji.