Pamba Mkekani

Fundi magodoro wa hapa Msimbazi, jirani wa duka langu, hana makelele. Kutwa anachambua sufi mkekani, vidole vyeupe kama vya mpika maandazi, huku kaswida ikimtoka kwa sauti ya chini. Mkusanya ushuru akija na mashine yake, sisi wengine tunafoka. Yeye analipa, tena anamkaribisha kahawa.

Juzi Candida, mke wa muuza vyombo, akamletea kiroba kutoka kwa wakwe zake Bariadi. “Shikamoo mzee. Hii nijazie godoro la mtoto.” Akamimina. Ikatoka pamba. Mzee aliruka kama kamwagiwa maji ya moto. “Iondoe! Iondoe hapa!” Sijawahi kumsikia akipaza sauti. “Babu yangu alilimishwa hiyo kwa viboko, alipe kodi ya Mjerumani. Yeye na wenzake walipoing'oa shambani, wakanyongwa. Baba yangu alikuwa bado tumboni.” Mzee akapiga magoti, akaokota kila kipande. Mwisho akaiona mbegu moja imenasa kwenye ukindu. Akaitoa, akaiponda kwa nyundo mpaka ikawa unga.

“Isije ikaota,” akasema. Chini yetu kulikuwa na zege tupu.