Bastola Nzito ya Baba Pacha

Mume wangu ana tabia moja ambayo hata baada ya kumzalia pacha sijaizoea: analamba sindano ya rangi. Ile sindano nyembamba inayokaa ndani ya kipulizio chake cha rangi, anaichomoa, anaipitisha ulimini kuona kama imesafika, kisha anatema. Anatemea kwenye sinki langu la vyombo. Mate ya kijani, mate mekundu, siku nyingine yana rangi ya matope. Ukimsema, anakwambia hakuna kinachogundua uchafu kama ulimi. Kinyaa gani hiki, jamani?

Baba Pacha amepaka rangi mabasi gerejini maisha yake yote. Pale, dereva akistaafu hapewi saa wala cheti. Anapewa basi lake mwenyewe, dogo la kukaa mezani, na anayelitengeneza ni mume wangu. Si basi jipya la kung'aa. Ni lake kama lilivyo, pamoja na mkwaruzo wa geti, taa iliyobadilishwa, na ubavu uliopauka kwa jua. Wanaume wazima hulishika wakalia. Ukiweka mkwaruzo ambao haukuwepo, husema mume wangu, umemsingizia mtu.

Sasa baridi yabisi imemkamata kidole gumba na cha shahada. Kipulizio chake cha zamani kinashikwa kama kalamu na kubonyezwa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe hakitaki tena. Ijumaa alikuwa anastaafu dereva mmoja waliyembandika jina la Taratibu, kwa sababu hajawahi kugonga hata kuku. Basi lake lilikuwa limebakiza kupakwa rangi tu. Baba Pacha aliniambia kwamba hili likimshinda, ndiyo mwisho wake, atabaki kukaa mlangoni kutazama wapita njia.

Nikamwambia tukatafute kile cha kushika kama bastola, unachofyatua kwa vidole vyote. Tukaenda dukani. Duka lenyewe karaha tupu. Muuzaji alikuwa anamenya mayai ya kuchemsha juu ya kaunta, na kwa vidole vilevile vyenye kiini anatushikisha bidhaa. Vipulizio vya kujaribia vilikuwa na rangi iliyoganda kwenye vikombe, kimoja kimeota ukungu. Mume wangu akachomoa sindano. Nilimdaka mkono kabla haujafika mdomoni.

"Ukiilamba hiyo, usirudi nyumbani kwangu," nilimwambia.

Vya maana vilikuwa viwili. Kimoja chepesi, kitako cha plastiki, kifyatulio laini. Kingine chuma kitupu, kizito kama pasi ya mkaa. Nilivishika vyote, na mimi si mtu wa rangi, nikajua kinachomfaa ni kile chepesi. Lakini wapaka mabasi wana ugonjwa wao: bunduki ya rangi wanaichagua kwa uzito. Wanaipimapima kiganjani, ikilemea ni ya kazi, ikiwa nyepesi ni ya kuchezea watoto. Gerejini sawa, mkono mzima unatembea na ubavu wa basi. Hapa mtu anapaka dirisha la ukubwa wa ukucha! Nilisema mpaka koo likanikauka. Akanijibu hawezi kuonekana na mdoli wa plastiki mbele za watu, na muuzaji, mdomo umejaa yai, akamuunga mkono. Nilisonya, tukaondoka na chuma chake.

Alhamisi mkono ukamwishia nguvu. Alikuwa anamalizia mstari wa bluu chini ya madirisha, kile chuma kikamlemea, rangi ikatapakaa juu ya mlango wa abiria. Alipoifuta, doa likazidi kutanuka. Kisha akafanya jambo lililonichefua kuliko mate yote ya sinki: alichukua rangi ya kutu akalizungushia lile doa, likawa kama mlango umewahi kugongwa. Nikamuuliza Taratibu aligonga lini. Akaenda kunawa. Sikutaka hata kumtazama.

Ijumaa gereji nzima ilikusanyika. Taratibu alilipokea basi kwa mikono miwili, akaligeuza polepole, akawa anawaonyesha wenzake hiki na kile huku anacheka. Akafika kwenye lile doa la mlango wa abiria, akaacha kuligeuza. Akavitazama vidole vya mume wangu vilivyopinda, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Kweli bwana, hapa niliwahi kugonga. Nilidhani hakuna aliyeona."

Watu wakaangua kicheko, kumbe hata Taratibu amewahi kugonga! Mtu ambaye hajagonga hata kuku, siku yake ya mwisho kazini, anajisingizia mwenyewe ili fundi asiaibike. Nikasema moyoni, huyu mume wangu akinyamaza hapa, kwangu amekwisha.

Baba Pacha alisogea, akalitoa lile basi mikononi mwa Taratibu.

"Hujagonga popote," alisema. "Ni mkono wangu. Nipe siku chache nikurekebishie."

Akanigeukia, mbele ya gereji nzima, akaniomba nimsindikize dukani kuchukua kile cha plastiki.