Vitunga Arobaini vya Kwenda Ubelgiji

Nilikuwa nimetoka tu kupigilia musumari wa mwisho mu kesi ya mbao, na Maman Nabintu akaniambia niing'oe yote. "Papa Tambwe, fungua! Vitunga arobaini haviwezi kuwa na uzito huu."

Tangu 1973 yeye ndiye anaongoza chama cha wamama wa kanisa letu, hapa Cimpunda. Wamama wanasuka vitunga vya mufuniko, yeye anavituma kwa wamama wenzao wa kanisa kule Ubelgiji. Na kila mara barua inarudi na maneno yaleyale: tafadhali, vitunga vije tupu, maana maharagi yanaleta wadudu, na watu wa duane, wale wa forodha, wanachoma vyote.

Nikafungua kesi. Ndani ya kila kitunga kulikuwa konzi ya maharagi, imefungwa vizuri mu jani la mugomba.

Maman Nabintu akawageukia wamama waliotuzunguka: "Mungu wangu! Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Mashi! Munataka niseme mu luga gani?"

Koko Nsimire, bibi mukubwa wa wote kwa umri, akajibu pole pole: "Maman, kumupa mutu kitunga tupu ni kumutakia njala."

"Kule hawana njala!"

Maman Nabintu akamwaga maharagi kwa hasira, kitunga kwa kitunga, akivirudisha tupu mu kesi, mpaka akafika kwa kile alichosuka yeye mwenyewe nyumbani, alichokileta asubuhi na kukipanga mu kesi kwa mukono wake. Akainua mufuniko. Jani, na maharagi ndani yake.

Hakuna aliyecheka. Akakitazama, akakifunika, akakirudisha mu kesi na maharagi yake.

"Papa Tambwe, unangoja nini? Pigilia misumari."