Kibuyu cha Shangazi Rozalia

Msinione hivi. Mwaka themanini na tatu nilikuwa na uso wa kusimamisha trekta, na aliyelisimamisha alikuwa Inosenti, dereva wa shamba letu la kahawa upande wa Oldeani. Lakini siwezi kueleza habari za uso huo bila kumtaja shangazi yangu Rozalia, na nikimtaja naona aibu mpaka leo.

Shangazi alitoka Singida akiwa binti, akaja kuchuma kahawa, akazeekea kambini. Mume hakudumu naye, mtoto hakujaliwa. Alichojaliwa ni mikono. Jumapili baada ya misa alikaanga mbegu za mbarika, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakaelea, halafu akachanganya na mafuta ya mkia wa kondoo na majani ya leleshwa yanayonukia, aliyoletewa na rafiki yake Naishorua kutoka juu Ngorongoro. Miaka ile dukani huoni sabuni wala mafuta ya mgando, na baridi ya Karatu ikikutana na vumbi inapasua ngozi mpaka unaogopa kucheka. Kambi nzima iling'aa kwa mafuta ya Rozalia.

Hayo yalikuwa ya walio hai. Kulikuwa na kibuyu kingine, kidogo, kikining'inia juu ya kitanda chake. Hicho alipewa na mama yake siku anaondoka Singida, na hakikuongezwa kitu tangu siku hiyo. Kibarua akifia kambini, mbali na kwao, Shangazi alimpaka tone moja usoni. Mama yake alimwambia kwamba anayezikwa ugenini bila mafuta yale, wazazi wake waliotangulia hawatamtambua. Yaliyobaki alijiwekea mwenyewe, kwa siku yake. Hilo kila mtu kambini alilijua, na mimi niliyeishi naye nililijua kuliko wote.

Alipokufa mzee Sebastiani, kibarua wa Kondoa, mimi ndiye niliyeshika beseni. Uso wa mzee yule ulikuwa umekunjamana kabisa. Shangazi akampaka. Mikunjo ikalala mmoja mmoja mbele ya macho yangu, mpaka pale mkekani akawa amelala kijana nisiyewahi kumwona, nywele nyeupe na uso mbichi. Mtu mwenye akili zake angekimbia. Mimi niliona wivu. Jamani, kumwonea wivu maiti!

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na chunusi tele. Basi kila asubuhi Shangazi akienda kuchota maji, nachovya kijiti kibuyuni, najipaka. Wiki moja chunusi zikakauka. Ya pili wanawake wakaanza kuniuliza napaka nini, nami nawajibu kwa madaha kwamba ni kuoga tu. Inosenti ndipo alipoanza kusimamisha trekta.

Halafu nikaona mambo. Tukichuma kahawa juani wenzangu wanalowa jasho, mimi uso wangu mkavu. Nzi wanatua kwa kila mtu, kwangu wanafika karibu, wanageuka. Siku moja tawi likanichana shavu. Sikusikia maumivu, na damu haikutoka. Mchano ukabaki wazi, kama umepitisha kisu kwenye ugali uliopoa. Jioni ile Inosenti akanishika shavu lile lile. Akautoa mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, akasema amekumbuka kutia maji kwenye trekta. Hakusimama tena.

Niliacha? Sikuacha. Nilikuwa mzuri kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilichovya kile kijiti mpaka kikawa kinatoka kikavu.

Masika ya mwaka uliofuata Shangazi akashikwa na kifua. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni, mchana hata mlango wa jirani huuoni. Akaniambia nishushe kibuyu, siku yake imefika. Nikakishusha, na humo nilikuwa nimetia mafuta ya mbarika ya kawaida ili kisionekane kitupu. Akakifungua, akanusa. Akanusa tena.

"Lusia," akasema, "sasa mama yangu atanijuaje?"

Nililia, na machozi hayakutoka. Nilimwambia yote, nikamwomba anipige kama ana nguvu. Hakunipiga. Aliniangalia usoni, akatazama na ule mchano wangu wa miezi mitatu usiopona.

"Yamo humo usoni mwako," akasema. "Sogea, mwanangu."

Nikapiga magoti. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akakishusha taratibu mpaka kidevuni, kama mtu anayekomba chungu asibakize kitu. Kiganja kilikuwa cha moto. Miezi ile yote sikuwa nimesikia moto wala baridi usoni, na sasa nikasikia ngozi ikinivuta, ikinibana, inauma. Akajipaka usoni mwake. Akarudia mara ya pili, na ya tatu. Nilitaka kurudi nyuma, maana nilihisi uso wangu nao unaondoka pamoja na mafuta, lakini nilikuwa mwizi, ningekataaje? Machozi yakaanza kunitoka, ya moto, tele. Shangazi akafumba macho, akashusha pumzi, haikupanda tena.

Nilikwenda mlangoni nikawaita wanawake. Wa kwanza kuingia alikuwa Marsela, jirani yetu, mwanamke mwenye watoto wanne aliyenifundisha kuchuma kahawa nilipofika kambini. Alimkaribia Shangazi, akamwekea mkono kifuani. Pale kitandani alilala msichana mwenye ngozi laini, na shavuni ana mchano, umefunguka, hauna damu.

Marsela alinong'ona kwamba uso huu anaujua, huu si ni wa Lusia? Na Lusia mwenyewe yuko wapi, mbona amemwacha Shangazi yake peke yake? Nilisimama pale pale, hatua mbili kutoka kwake. Nikajishika shavu. Mchano haukuwepo. Vidole vyangu vikakuta mikunjo, mingi, imelegea mpaka shingoni.

Marsela akageuka, akaniona. Akainama kidogo kwa heshima, kama mtu anavyowasalimu wageni wazee waliofika msibani kutoka mbali.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Pole sana. Wewe ni mama yake Rozalia?"