Brashi Zisizonuka Mafuta ya Taa

Wanawake wengine hugundua mambo ya waume zao kwa barua iliyosahaulika mfukoni. Mimi Kornelia niligundua kwa brashi. Na usinicheke, maana nimeosha brashi za mume wangu miaka kumi na sita, hapa hapa Pasua, kwenye bomba la uani.

Mume wangu anaitwa Sirili, fundi wa dari. Moshi mjini na vijiji vya juu, bati likivuja na siling bodi ikaanza kuchora ramani ya njano, anaitwa yeye. Kazi alifundishwa na Singasinga mmoja, mzee mkali, na Sirili akachukua ukali wote akaacha kilemba tu. Anagonga bodi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza palipooza. Iliyooza anaing'oa na kupigilia nyingine. Palipobaki doa tu anapakwangua, anapaka kwanza rangi ya mafuta, anaiacha ikauke hadi kesho yake, ndipo anapita na rangi ya maji mara mbili. Mteja akimwambia aruke hiyo ya mafuta ili amalize upesi, anakusanya vyombo vyake na kuondoka.

"Ukipaka ya maji juu ya doa," huwa anasema, "halimalizi miezi miwili, linakuchungulia tena."

Kwa nyumba za watu Sirili hana mzaha. Nasema nyumba za watu kwa sababu yetu wenyewe ilikuwa na doa juu ya kitanda. Mvua za El Nino zilipotushukia mwishoni mwa tisini na saba, upepo uling'oa mabati kuanzia Kahe hadi huko juu migombani. Bati letu alilirudishia siku iliyofuata, lakini doa akasema, "Mama Theo, hilo nitalifanya nikipata nafasi." Nafasi hakuipata. Nikawa nalala chali natazama doa lenye umbo la jembe, na sikulalamika, maana watu walikuwa wanamgombania.

Mmoja wa hao watu alikuwa Elinipendo wa Machame. Mjane, muuza mitumba pale soko la Memorial, aliyejijengea nyumba nzuri ya matofali kwenye kihamba, shamba la migomba la marehemu mumewe. Nilimjua kwa sura. Ana mwanya, na humchekea kila mteja. Sirili alikaa kwenye dari yake siku nne. Jioni ya mwisho alirudi hana njaa.

"Nimekula mtori wa ndizi kwa yule mama," akasema, na chakula changu kikapoa mezani.

Hilo nililimeza. Fundi akipewa mtori ataukataa vipi. Lakini mwezi wa pili wa tisini na nane akaitwa tena, doa limerudi. Mwezi wa tano, limerudi. Mwezi wa tisa, limerudi. "Nyumba ile ina unyevu, migomba imeisonga mno," akanieleza bila kuulizwa. Siku za Kahe alikwenda na ndevu zake. Siku za Machame alinyoa. Mimi macho ninayo.

Basi, mwezi huo wa tisa alirudi kutoka Machame akaniachia brashi uani kama kawaida. Nikamimina mafuta ya taa kwenye kopo, maana rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Nikainusa brashi ya kwanza. Hainuki kitu. Nikaiweka chini ya bomba na rangi yote ikatoka, maji meupe kama ya kuoshea mchele. Ya pili vilevile. Nikaenda chumbani nikavuta kutoka uvunguni kopo la rangi ya mafuta alilosema ni la kazi ya Machame. Halijawahi kufunguliwa. Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi wa pili na wa tano pia niliosha brashi za Machame kwa maji matupu, na mjinga mimi nikafurahi kwamba mafuta ya taa yamepona.

Nilikaa juu ya ndoo. Mtu anayewaacha wateja kwa ajili ya rangi hiyo, kwa mwanamke huyu anairuka makusudi. Alikuwa anampakia doa litakalorudi, ili likirudi aitwe. Wivu ulinishika hadi meno yakaniuma. Angemnunulia kanga ningelia, kisha ningenyamaza. Lakini kuharibu kazi? Sirili hajawahi kuharibu kazi kwa ajili yangu mimi.

Sikumwambia neno. Jumatatu moja, siku ambayo Elinipendo hashuki sokoni na Sirili yuko Kahe, nilichukua lile kopo na brashi moja, nikapanda gari la Machame.

"Karibu, dada," Elinipendo akasema mlangoni.

"Mimi ni mke wa fundi. Nimekuja kumalizia kazi."

Alinitazama, akatazama kopo, akaanza kusogeza viti bila kuuliza lolote. Kule kutouliza kuliniuma kuliko jibu. Doa lilikuwa sebuleni, kubwa kama sinia, juu ya kiti chenye kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Nikajua anakaa hapo.

Alinishikia ngazi. Nikapaka kwa mkono wangu wa kushoto, kama ninavyofanya kila kitu, nikaivuta brashi taratibu.

"Fundi aliniambia ni kawaida kurudi," akasema kutoka chini.

"Si kawaida."

Akaishika ngazi kwa mikono miwili. "Sijamkosea mtu, dada. Anakunywa chai na kuongea tu. Ujana wake, yule Singasinga, jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kuanguka ngazini na kopo zima la rangi ya bluu."

Miaka kumi na sita, na hiyo habari ya bluu sikuwahi kuisikia. Kwangu Sirili anaongea misumari. Ningeona afadhali aniambie wameshikana mikono.

"Patang'aa kidogo," nilimwambia nikishuka, "lakini halitarudi."

Na halikurudi. Masika ya tisini na tisa ilipiga kwelikweli, na Sirili akawa anakaa mlangoni anaisikiliza. Watu wa Kibosho walimwita, wa Kahe wakamwita. Machame kimya.

"Yule mama wa Machame mwaka huu hajatuma mtu," akasema siku moja, kama anayesema habari za kuku.

"Labda pamekauka," nikamjibu, na nilifurahi hadi nikaona aibu.

Mwezi wa sita, Jumamosi asubuhi, akaamka akasema leo anafanya doa letu. Alisogeza kitanda mwenyewe, akasimamisha ngazi. Mimi nikasimama mlangoni kuangalia atafungua kopo lipi. Nilijua ni upuuzi. Nilisali hata hivyo.

Akafungua la mafuta. Akapaka vizuri, pembe kwa pembe, kazi safi ya mtu asiyekusudia kurudi.

"Baba Theo," nikasema, "natamani ungenipakia vibaya."

Brashi ikasimama.

"Ile ya Machame uliipaka wewe," akasema. "Brashi imevutwa kwa kushoto."

Karibu nicheke. Niliona hata fahari kidogo, kwamba anaujua mkono wangu. Kisha nikaanza kuhesabu. Vuli hakuitwa. Masika yote hakuitwa. Doa halikurudi, bati halikuvuja, na mistari ile haionekani mpaka usimame chini yake ndani ya sebule ile, uinue uso.

"Umeiona lini?" nikamuuliza.

Sirili akachovya brashi, akaifuta ukingoni mwa kopo, upande mmoja, kisha wa pili.

"Njoo ushike ngazi, Mama Theo," akasema. "Inacheza."

Nikaenda nikaishika.